Wapishi wa Kambi ya Mchezo wa Kuigiza: Sufuria Nzuri, Kadi Zilizofichwa
Katika michezo ya kuigiza ambayo washiriki wenyewe huwa wahusika na kuishi kambini kwa siku kadhaa, mpishi hawezi kusimamisha mchezo ili watu wale, na kwa kigezo hicho wapishi waliotuhudumia watu 60 kwa siku 3 walifanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Supu nzito ya dengu ilikaa jikoni tangu adhuhuri hadi usiku katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, kiwango kinachozuia bakteria wengi kuzaliana, hivyo askari aliyerudi kutoka vitani saa tatu usiku alikula sawa na aliyewahi mapema. Nyama ilikuwa na sufuria yake na upawa wake, uamuzi mdogo uliowaondolea wasiokula nyama usumbufu wa kuuliza kila mara.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Kadi za viambato zilifichwa nyuma ya meza ili zisiharibu mandhari ya kale, ilhali mwenye mzio wa karanga anahitaji kuzisoma kabla ya kupakua, hata akiwa amevaa taji la mfalme. Nilipouliza kama mchuzi una maziwa, mhudumu, ambaye hakutaka kutoka katika uhusika wake, alinijibu kwa fumbo. Nilicheka, lakini sikula. Chai ya asubuhi nayo ilichelewa. Ningewaajiri tena, kwa sharti kwamba kadi ziwe mezani na jikoni pawe na mtu mmoja asiyeigiza chochote.