NTFS au exFAT kwa diski ya nje?

NTFS na exFAT ni njia mbili za kupanga mafaili ndani ya diski. Diski ikikaa kwenye kompyuta ileile ya Windows, hapa Goma nachagua NTFS bila kusita. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa mafaili, NTFS huandika kwanza katika daftari lake la ndani inachotaka kufanya; umeme ukikatika, inajua ilipoishia. (Video iliyokuwa ikinakiliwa itabaki nusu, hapo hakuna muujiza.)

exFAT, iliyotoka mwaka 2006, haina daftari hilo. Ukichomoa waya ghafla, unaweza kukuta folda tupu. Lakini NTFS, Mac huisoma tu, haiandiki humo, wakati exFAT inakubali kote kuwili. Basi mpiga video wa harusi anayempelekea diski mhariri wa Bukavu mwenye Mac achukue exFAT, na asichomoe diski kabla ya kuiambia kompyuta iitoe (Eject).

Na FAT32, ile ya zamani zaidi? Faili la GB 4 tayari limeishinda.