Amitriptilini ya miligramu 25: nzuri ikimezwa usiku, hatari ikiachwa mezani

Bahasha ya dawa imeandikwa "1x1 usiku", basi. Mgonjwa anaondoka akiamini amepewa dawa ya usingizi. Kesho yake anaamka na kichwa kizito na mdomo mkavu, siku ya tatu anaitupa na kusema haifai. Dawa imeonewa. Kwa miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari, maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, na kuzuia kipandauso kinachorudi kila mara, ni vigumu kupata kidonge cha bei hii kinachofanya kazi kama hiki. Kwa sonona pia kinasaidia, ila hapo tungeanza na fluoxetine, dawa nyingine ya sonona, kwa sababu amitriptilini ikizidi mwilini inaushambulia moyo.

Ukikitafuna kwa bahati mbaya utaelewa kinavyofanya kazi. Ganda jembamba la nje likipasuka, uchungu mkali unakuja kwanza, ulimi unawaka, kisha unaingia ganzi. Dawa hii huziba njia ambazo sodiamu hupita kuingia kwenye neva, na hiyo ni sehemu ya sababu inatuliza maumivu ya neva. Njia za namna hiyo zimo pia kwenye misuli ya moyo. Kwa dozi ndogo moyo wenye afya hauna shida. Kwa dozi kubwa mapigo yanavurugika.

Kwa maumivu, anza na miligramu 10 hadi 25 usiku. Aliyekuandikia anaweza kuongeza 10 hadi 25 kila baada ya siku 3 hadi 7, na wengi hawahitaji kuvuka 75. Mzee asianze na 25 nzima. Kama famasi haina vidonge vya 10, nusu ya cha 25 inatosha, mradi si kile cha kutoa dawa polepole. Nusu hiyo imezwe haraka na maji mengi kwa sababu ya ule uchungu. Kwa sonona, mtu mzima huanza na 25 usiku na kupandishwa wiki kwa wiki hadi 75 au zaidi, mwisho 150. Chini ya 75 sonona ya mtu mzima mara nyingi haitikisiki, na hapo ndipo wengi wanakwama: wanabaki na kidonge kimoja miezi mitatu wakisubiri nafuu. Hata kwa dozi sahihi, ipe dawa wiki 2 hadi 4. Usingizi unakuja usiku wa kwanza, nafuu ya sonona haiji pamoja nao.

Ukiamka mzito, usiiache. Imeze mapema, saa mbili usiku badala ya saa nne. Dawa hukaa mwilini muda mrefu, mara nyingi nusu yake bado imo baada ya siku nzima, kwa hiyo mwendesha bodaboda asipande pikipiki siku za mwanzo mpaka ajue inamfanyaje. Pombe ikae mbali kabisa. Ukiamka usiku kwenda msalani, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha hushuka ghafla ukisimama na wazee huanguka hapo. Mdomo mkavu unataka maji kidogo kidogo na mswaki bila kukosa, kwani mate yakipungua meno huoza. Choo kigumu kitibiwe mapema kwa maji, mboga na papai.

Wasiopaswa kuigusa ni waliopata shambulio la moyo karibuni na wenye mapigo yasiyo sawa. Mwenye tezi dume iliyokua anaweza kushindwa kabisa kukojoa, na mwenye aina fulani ya presha ya macho anaweza kuamka na jicho linalouma vibaya. Wote wawili waseme kabla ya kupewa.

Mchanganyiko unaosahaulika sana kwetu ni mseto wa malaria. Lumefantrine iliyomo kwenye mseto huo (ALu) hupunguza kasi ya ini kuivunja amitriptilini, na yenyewe pia hugusa umeme wa moyo. Ukipimwa malaria, mtajie daktari dawa yako ya usiku. Tramadol, dawa ya maumivu, nayo ikiongezwa juu ya amitriptilini huleta hatari ya degedege. Hata Piriton ya mafua huongeza usingizi na ukavu.

Ukisahau dozi, subiri usiku unaofuata, usimeze mbili. Kuacha kunafanywa kwa kupunguza taratibu, kwa wiki nne hivi. Ukikata ghafla utapata kichefuchefu, kichwa kuuma na kukosa usingizi.

Aliye na mawazo ya kujiua, hasa kijana chini ya miaka 25 katika wiki za kwanza, apewe dawa ya siku chache tu na ndugu ndiye amtunzie, na aonwe na mhudumu kila wiki.

Tunalolilia zaidi ni bahasha ya nailoni inayoachwa karibu na redio. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge viwili vya 25, tayari ni safari ya hospitali, hata kama anacheza. Usimtapishe, maana anaweza kupoteza fahamu au kupata degedege akiwa anatapika. Beba bahasha yenyewe na uhesabu vilivyobaki. Hospitalini watapima umeme wa moyo, na ukionekana umevurugika, sodiamu baikaboneti ya mshipa ndiyo dawa yake. Zahanati isiyo nayo imsafirishe mara moja.