Heathkit IT-28: jicho la kijani linaloona uvujaji usioonekana kwa mita ndogo

Hamjambo watazamaji, na karibuni tena kwenye karakana yangu hapa Nairobi. Leo sitengenezi runinga nzima. Nimeweka mezani kifaa kimoja ambacho kimebadilisha namna ninavyozifufua runinga za valvu, yaani zile za zamani zinazotumia mirija ya kioo mahali pa transista, nacho ni Heathkit IT-28, kipima kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji na kuzuia volti zisizobadilika zisipite) kilichotoka Benton Harbor, Michigan, nchini Marekani, enzi ambazo mnunuzi aliletewa sanduku la vipande pamoja na kitabu cha maelekezo, akakaa chini na kukilehemu mwenyewe hadi kikawaka. Sitawasomea viwango vyake vyote, kwa maana wengi wenu mnavifahamu, na anayevihitaji atavikuta kwenye maelezo chini ya video. Nataka kuwaonyesha jambo moja tu, ambalo ndilo linalonifanya nikipende kifaa hiki kuliko kingine chochote kilichopo kwenye meza hii: kinaipima kapasita kwa volti zilezile ambazo inazibeba ikiwa kazini ndani ya runinga, hadi volti 600.

Tazameni kwanza runinga yenyewe. Hii ni Philips ya miaka ya 1960, ya picha nyeusi na nyeupe, ya aina iliyokuwa fahari ya sebule chache za mji huu katika miaka iliyofuata kuanza kwa matangazo ya televisheni nchini mwaka 1962. Haina transfoma ya umeme. Nyuzi za joto za valvu zake zimeunganishwa kwa mfululizo, zote zikipitiwa na mkondo mmoja wa miliampia 300, na ndiyo sababu majina ya valvu nyingi zilizomo, kama PCL82, PL36 na PY81, yanaanza na herufi P. Kwa kuwa transfoma haipo, chasisi ya chuma imeungana moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa nyumba, kwa hiyo nawaomba, tena nawasihi, msiiguse ikiwa imewashwa bila kupitia transfoma ya kutenganisha umeme, hata kama plagi yenu ina miguu mitatu na mnaamini fundi aliyefunga soketi aliipanga sawasawa. Kioo cha picha nacho huweza kuhifadhi chaji ya maelfu ya volti muda mrefu baada ya runinga kuzimwa. Nimekwisha kuimwaga kabla ya kuwasha kamera.

Sasa njooni karibu. Kapasita hii ya karatasi, yenye nta iliyoanza kupasuka hapa pembeni, nimeichomoa kwenye sehemu ya sauti. Kazi yake ni kupitisha sauti kutoka kwenye anodi (bamba linalotoa sauti iliyokuzwa) ya sehemu ya kwanza ya valvu, ambako kuna karibu volti 200, kwenda kwenye gridi (wavu unaodhibiti mkondo) ya sehemu inayoendesha spika, na wakati huohuo kuzizuia hizo volti 200 zisipite. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi 0.01. Naiweka kwenye mita ndogo ya kidijitali, ile ambayo kila mmoja ananiandikia kuniuliza kwa nini siitumii. Soma hapo: 0.012. Kwa macho ya mita hiyo kapasita hii ni nzima, na fundi mwenye haraka angeirudisha mahali pake akaendelea na jambo jingine. Lakini mita hiyo inapima kwa volti chache mno, na kapasita ya karatasi inayovuja mara nyingi husomeka kuwa na kipimo kikubwa kuliko kilichoandikwa, jambo linalomfanya mtu aisifu badala ya kuishuku.

Naihamishia kwenye Heathkit. Kifaa hiki nakilisha kupitia transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 240 hadi 120. Nimekipa muda kipate joto, na mnaona jicho, yaani valvu ndogo ya kuonyesha matokeo ambayo mwanga wake hufumba umeme unapopita kwenye kapasita na kufumbuka unapozuiwa, limewaka rangi ya kijani. Naanza na volti 25. Jicho linafumba kidogo kapasita inapojaa chaji, kisha linafumbuka, na hiyo ni dalili njema. Napanda hadi volti 100. Limefumba tena, na safari hii linasita, linafumbuka nusu, linatetemeka. Napanda hadi volti 200, ambazo ndizo kapasita hii inakutana nazo kazini. Angalieni. Limefumba na halifumbuki. Narudisha swichi, nasubiri chaji imwagike, narudia mbele yenu, na jibu ni lilelile. Sijui kifaa kingine cha mezani kinachoonyesha jambo hili waziwazi namna hii, tena bila tarakimu hata moja.

Ni sawa na bomba la maji lenye ufa mwembamba, ambalo mchana mtaa ukiwa na mgao huonekana zima kabisa, na usiku presha inapopanda linalowesha ukuta wote.

Mtu anaweza kuuliza kama uvujaji mdogo namna hiyo una madhara yoyote. Tupige hesabu. Tuseme kapasita imebaki na upinzani wa megaomu 20, kiasi ambacho mita nyingi za kawaida hukiona kwa shida. Gridi ya valvu inayofuata imeshikiliwa na rizista ya megaomu 1. Volti 200 zikigawanywa kwa megaomu 21, gridi inapata karibu volti 9.5 chanya, mahali ambapo ilitakiwa ikae kwenye volti hasi. Valvu inafunguka kuliko inavyopaswa, mkondo unapanda, sauti inakwaruza, anodi inaweza kuiva hadi ikawa nyekundu, na transfoma ya sauti, ambayo kuipata leo ni kazi kubwa, inaungua. Haya yote yanatokana na kipande ambacho mita ndogo ilikiita kizima. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema, kwamba kapasita ya runinga ya valvu ipimwe kwa volti zake za kazi, la sivyo haijapimwa.

Wapo mafundi, na miongoni mwao wamo ninaowaheshimu sana, wanaosema kwamba upimaji huu wote ni kupoteza muda, kwa sababu kapasita za karatasi za umri huu zinavuja karibu zote, na dawa yake ni kuzitoa zote bila kuuliza na kuweka za filamu za volti 630. Nilipoanza kuandaa video hii nilikusudia kuwapinga kwa nguvu. Kadiri ninavyozidi kupima zilizotoka kwenye chasisi hii ndivyo ninavyoona kwamba kwa upande wa karatasi wana haki: hebu tazameni hii ya pili, na hii ya tatu, jicho linafumba vilevile. Basi kwa kapasita za karatasi nakubaliana nao, zitolewe zote, moja baada ya nyingine, huku mkilinganisha na mchoro ili msichanganye waya. Hata hivyo Heathkit haipotezi kazi yake. Kapasita za mika na za kauri nyingi bado ni nzima na hazistahili kuguswa bila sababu, na zile tunazonunua kwenye maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli hapa mjini zikiwa zimechomolewa kwenye mitambo mingine, hakuna namna ya kuziamini kwa macho. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile iliyo karibu na PY81, kwenye sehemu inayozalisha volti kubwa za kioo, kwa sababu inabeba mamia ya volti na ikivuja picha inanywea au inatoweka kabisa. Hiyo siiwashii umeme kabla ya jicho kunipa ruhusa, hata iwe mpya.

Kuna jambo ambalo kipimo hiki cha uvujaji hakifanyi vizuri, nalo ni kapasita za elektroliti, zile kubwa zenye majimaji ndani. Kinaonyesha kama zinavuja, ila ile iliyokauka ndani na kupoteza nguvu yake inaweza kulifumbua jicho kwa ukamilifu na bado ikaijaza picha mistari minene inayopanda na kushuka. Hapo mita ya kidijitali yenye kupima upinzani wa ndani inashinda, na kwa kazi hiyo nakubali mnunue moja. Nimeziona mjini kwa chini ya shilingi 3,000.

Kuhusu bei ya Heathkit yenyewe, anayeuza Marekani huenda akakuuzia kwa bei nafuu, kisha gharama ya usafiri na ushuru ikaipita bei ya kifaa. Nunueni pale tu mnapoona thamani yake, na kabla ya kulipa mwombeni muuzaji picha ya jicho likiwa limewaka gizani na mchana, kwa sababu valvu ya jicho hufifia kwa matumizi. Kikifika, msikichomeke mara moja. Kifungueni mkague ulehemu, maana aliyekiunganisha huenda alikuwa anashika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza, na mbadilishe elektroliti zake za ndani, kwani kipimaji chenye kapasita mbovu hakiwezi kuhukumu kapasita za wengine. Wakati wa kupima, mkono mmoja ukae mbali na waya. Volti 600 hazina mzaha.

Wengi mmeniuliza runinga hii itaonyesha nini, ikiwa mitambo ya analogi ilizimwa mwaka 2015. Jibu ni king'amuzi kilichounganishwa na modyuleta, yaani kifaa kinachogeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya televisheni, inayotoa mawimbi ya VHF (masafa ya chini kuliko yale ya UHF), na hapo kuna mtego, kwa sababu modyuleta nyingi zinazouzwa hutoa UHF peke yake, ilhali runinga nyingi za umri huu hazina sehemu ya kuipokea. Hiyo ndiyo video ijayo, na kuanzia sasa video zitatoka Jumapili jioni badala ya Jumatano, kwa kuwa mafundi wengi mmeniambia katikati ya wiki mko kazini. Jisajilini ili isiwapite. Mwenye mchoro wa Philips hizi za Afrika Mashariki, hata kama ni kurasa zilizochanika, aniandikie hapa chini; nitazipiga picha na kumrudishia zikiwa salama, nao watazamaji wote watapata nakala bure.