Watu 28, michoro 19 na mwangwi mmoja

Wazazi wangu walitimiza miaka 40 ya ndoa, na Mama alikuwa na ombi moja tu: tusiwakusanyie umati. Tuliandika majina 28. Ukumbi wa kawaida wa sherehe ungewameza, kwa hiyo nikakodi galari ndogo ya sanaa kwa muda wa saa 4 jioni.

Kuta zilikuwa na michoro 19, mingi ya wino na rangi za maji kwenye karatasi. Katika shughuli nyingi nilizoandaa, nusu saa ya kwanza ndiyo nzito: upande wa mume unakaa kwake, upande wa mke kwake, na simu zinatolewa mifukoni. Hapa michoro ilifanya kazi ya mshereheshaji. Shangazi alisimama na binamu ya Mama mbele ya picha ya mwanamke anayeshona, wakabishana kama mkono ulioshika sindano ni wa kulia au wa kushoto. Nilipopita tena, kila mmoja alikuwa anasimulia cherehani ya kwao. Watu hao hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Mwanga ulikuwa hafifu, nikauliza. Msimamizi akanieleza kwamba kazi za karatasi huangaziwa kwa takriban laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kwa sababu rangi ikishapaushwa na mwanga hairudi, na madhara hujumlika siku hadi siku. Picha za rangi ya mafuta huvumilia zaidi, hadi kama laksi 200. Flashi hairuhusiwi, kwa hiyo mpiga picha aje na lenzi inayopokea mwanga mwingi. Mishumaa hapana, vinywaji vyekundu hapana, meza zikae mbali na kuta. Masharti hayo sikuyaona kero hata kidogo. Pale sisi ndio tulikuwa wageni wa michoro.

Mkataba usomeni vizuri. Saa zinahesabiwa tangu mlango unapofunguliwa hadi kiti cha mwisho kinapotoka, kwa hiyo saa zetu 4 zilibaki mbili na nusu za sherehe yenyewe. Na iandikwe wazi nani atalipa mchoro ukiharibika.

Mwaka uliopita hafla ya dada yangu tuliifanyia kwenye chumba cha muda, duka tupu lililokodishwa kwa siku chache. Kule tulipigilia misumari tulipotaka, ila tulibeba kila kitu wenyewe, mpaka taa na nyaya za umeme, na choo kilikuwa jengo la pili. Kwa wazee, galari inashinda.

Lakini sauti! Sakafu ya saruji iliyosuguliwa, dari ndefu, madirisha mapana ya vioo: hakuna kitu cha kunyonya sauti. Tulipokwenda kukagua tulikuwa wawili, chumba kikaonekana kimetulia. Watu 28 walipoanza kuongea, kila neno liligonga ukuta likarudi. Mtu akapaza sauti ili asikike, jirani yake akapaza zaidi. Baba anavaa kifaa cha kusikia, na kifaa hicho hukuza makelele pamoja na maneno. Mama aliposimama kusoma barua ambayo Baba alimwandikia kabla hawajaoana, nilimwona Baba akigeuza shingo huku na huku kutafuta sikio lenye nafuu, kisha akaacha, akawa anatabasamu tu. Barua yake mwenyewe, na haisikii.

Hili nawalaumu nalo wenye galari. Wanaujua mwangwi wao, wangeniambia mapema. Ukienda kukagua, piga kofi moja katikati ya chumba. Likiendelea kulia baada ya mikono kutulia, uliza kuhusu mazulia na mapazia kabla hujalipa chochote.

Msimamizi alitaka kuongeza spika, nikamsihi asiongeze, maana ingeongeza vurugu tu. Stoo kulikuwa na mablanketi mazito ya kufungia michoro wakati wa kusafirisha. Akayatoa yote bila kusita. Tukayatundika kwenye mbao za maonyesho zinazosogezwa, tukazipanga nyuma ya viti, mengine tukatandika chini, watu wakakaa nusu duara wakimzunguka Mama. Akaanza upya, taratibu, bila maikrofoni.

Alipofika mstari wa pili, Baba akamkatiza: “Siyo Alhamisi, mama watoto. Ilikuwa Jumatano.”