Mbao za mlango wa nje Mtwara na Lindi: anza na mninga

Pesa ya korosho ikianza kuingia Oktoba, mafundi seremala wa Masasi, Newala na Lindi hawapati nafasi ya kupumua. Milango inafungwa ukutani mwisho wa kiangazi, mbao zikiwa kavu kuliko wakati wowote. Desemba mvua zinashuka, mbao zinanyonya unyevu na kuvimba, mlango unaanza kukwaruza. Ndiyo maana mbao za mlango wa nje nazipanga kwanza kwa jinsi zinavyocheza, yaani kuvimba na kusinyaa. Ugumu unafuata.

Namba moja ni mninga, ambao wengine huku wanauita mtumbati. Unasinyaa kidogo mno ukikauka, mchwa hawauwezi kirahisi, na unakubali randa. Ukiwa mkavu una takriban kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, na hesabu hiyo ibebe uende nayo dukani. Ubao wa inchi 2 kwa 6 wa futi 12, vipimo vikiwa vimetimia, utakuwa na kilo 18 hivi. Mizani ya korosho inatosha. Ikisoma 25, unalipia maji, na maji hayo yatatoka mlango ukiwa tayari ukutani.

Geuza ubao uangalie kingo. Kiini cha mninga ni cha kahawia yenye wekundu. Sehemu nyeupe iliyokaa karibu na gome ina wanga, na wadudu wanaufuata huo mpaka unga unamwagika sakafuni. Hapo usikubali maneno: weupe ukatwe wote, au ubao ubaki dukani.

Namba mbili mkongo. Ni mzito zaidi, kilo 800 hivi, nao hauchezi sana. Kwa fremu peke yake ningeutanguliza mbele ya mninga, kwa kuwa fremu ndiyo inayokutana na mchwa wanaopanda kutoka chini, na uzito wake haulemei bawaba. Toboa kwanza kabla ya msumari, la sivyo utapasuka. Una rangi ya njano inayochuja ukilowa, kwa hiyo upige vanishi kabla haujanyeshewa, hasa kama ukuta wako ni mweupe.

Mvule nauweka wa tatu. Kudumu unadumu, lakini nyuzi zake zinapishana, mara nyingine una vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno, na kemikali zake huchelewesha baadhi ya vanishi kukauka. Jaribu kwenye kipande kwanza.

Wa nne mtiki. Mafuta yake yanazuia maji na mchwa, ila uliovunwa ungali mchanga una weupe mwingi. Ukipata wa mti uliokomaa, upandishe juu ya mvule.

Mpingo usiuguse kwa mlango: unapita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini. Waachie wachonga vinyago.

Kwa nyumba za karibu na bahari, nunua skrubu na bawaba za shaba au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kawaida kikilowa huacha madoa meusi kwenye mbao zenye tanini, kemikali ya asili ya mti. Mlango wa Oktoba uachiwe nafasi ya milimita 3 kila upande.

Kabla ya kupakia, dai risiti na hati ya usafirishaji ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na uangalie alama ya nyundo kwenye mbao. Bila hivyo mzigo unaweza kukamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, na anayepoteza mbao ni wewe.