Santuri ya "Islands in the Stream": kumbe miaka yote nilisikiliza kaseti iliyochoka

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 800 kununua wimbo ambao uko bure kwenye simu yangu. Mke wangu bado ananitazama kwa jicho lile. Nilichonunua ni santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika: waimbaji wa Marekani Kenny Rogers na Dolly Parton, "Islands in the Stream", singo ya mwaka 1983. Ni toleo la Marekani, kwa hiyo ina lile tundu kubwa la katikati, na aliyeniuzia hakusema neno kuhusu kile kiduara cha plastiki cha kujazia tundu. Bila hicho, santuri inayumba kama bakuli juu ya kijiti. Nilikaa nayo siku nne nikiitazama tu.

Nimekulia Nakuru. Nyumbani wimbo huu ulikuwa kwenye kaseti, nakala ya nakala, ambayo baba aliinunua River Road alipokwenda Nairobi kwa shughuli zake. Redio kaseti yetu ilikuwa na mkanda wa mota uliolegea. Kenny alisikika kama mzee aliyeamshwa usingizini, na Dolly kama mama mwenye mafua. Hatukujua kwamba ni kasoro. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa sauti yao. Jumapili baada ya ibada baba alishika sehemu ya Kenny akiwa sebuleni, mama akaitikia ya Dolly kutoka jikoni, na sijawahi kuwaona wakiimba wakiwa chumba kimoja.

Basi nilipopata kile kiduara (kwa fundi mmoja, shilingi 50), nikaweka sindano na nusura niizime. Nilidhani mashine inakimbia. Nikalinganisha na simu: kasi ni hiyohiyo. Kumbe wimbo una mwendo wa kutembea, wa mtu anayekwenda mahali na anafurahi kwenda. Kenny ana sauti ya kijana kuliko nilivyomjua maisha yangu yote.

Anaanza peke yake, kwa sauti ile yenye mchanga kidogo. Dolly anajiunga, wanafika kiitikio pamoja, na mpaka hapo ni wimbo mzuri wa kawaida. Kisha muziki unahama ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake, tuni yote inateremka mahali pengine, na Dolly anachukua ubeti. Kwenye kaseti yetu hapo ndipo mkanda ulipokuwa umekunjamana, kwa hiyo mimi niliamini ni hitilafu tu. Sasa nimeisikia mara hamsini hivi na kila mara ni kama mtu amehamisha viti vya sebule usiku, ukiamka unaona nyumba ni ileile lakini hujui ukae wapi. Kumfuata Kenny kwa ufunguo wake kungemlazimisha Dolly kubana sauti au kuipandisha mno. Wimbo ndio uliomfuata yeye.

Kenny mwenyewe alisimulia kwamba alihangaika na wimbo huu siku nne studio akiimba peke yake, mwisho akaukinai. Barry Gibb, aliyekuwa mmoja wa maprodyuza, akasema hapa anahitajika Dolly Parton. Ikatokea kwamba Dolly yumo jengo lilelile siku hiyo, akaitwa, akaingia, na ikawa hivi tunavyosikia. Nilipoijua habari hiyo nikaelewa kwa nini ubeti wa kwanza unasikika kama mtu anayesubiri mgeni.

Je, ni kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani? Majirani wa mezani pangu wanabishana. Waandishi ni ndugu watatu wa Bee Gees, Barry, Robin na Maurice, watu wa disko. Huwezi kusikia fidla humu. Kuna vinanda vya umeme na ngoma safi za miaka ya themanini, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa, kwa sababu kwenye santuri ule ulaini unazidi na besi inapungua. Hata hivyo mwaka huo uliongoza chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na pia ile ya nyimbo zote, Hot 100, kwa wiki 2. Huku kwetu Kenya hatujawahi kupima kantri kwa gitaa. Ukiimba polepole, neno likasikika, na mlevi wa mwisho baa akaweza kuitikia, wewe ni kantri, kaa na Jim Reeves na Don Williams pale.

Jina la wimbo lilinisumbua utotoni. Mwalimu alitufundisha kwamba "stream" ni kijito, nami nikawa najiuliza kisiwa kinaingiaje kwenye kijito cha Njoro. Jina hilo lilitoka kwenye riwaya ya Ernest Hemingway, na humo maji yanayosemwa ni mkondo wa bahari, ule wa joto unaopita kati ya Cuba na Florida. Rafiki yangu wa Lamu alicheka sana nilipomwambia. Kwao mkondo ni kitu ambacho mtu wa mashua anakiheshimu. Visiwa viwili vilivyosimama katika maji yanayokwenda kasi: hapo wimbo unaingia moyoni bila kamusi.

Mtoto wa dada yangu alisikia kiitikio akasema Kenny amemwiga Pras. Anaujua ule wimbo wa rapa huyo wa 1998, "Ghetto Supastar", uliochukua tuni ya kiitikio hiki. Nikamwonyesha mwaka kwenye lebo ya santuri. Hakuonekana kushtuka.

Baba naye aliamini hadi kufa kwake kwamba wawili hawa ni mume na mke. Hawakuwa. Dolly aliolewa na Carl Dean mwaka 1966, na Kenny alikuwa rafiki tu, urafiki uliofika hadi Oktoba 2017 walipoimba pamoja jukwaani Nashville kwa mara ya mwisho. Kenny alifariki Machi 2020.

Kuhusu santuri yenyewe: upande wangu una mkwaruzo mahali pa kiitikio cha mwisho, inaruka mara moja, na kwa 800 ningetarajia isafishwe. Ukinunua, iinamishe kwenye mwanga kwanza. Na uliza kiduara.

Wiki jana nikaibeba pamoja na mashine hadi Nakuru, nikamwekea mama. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Si wenyewe hao," akasema.

"Ni wenyewe, mama. Hii ndiyo ya asili."

"Wenyewe walikuwa hawana haraka."