Difu ya kuchomelea au LSD: uzoefu wangu baada ya difu kukatika katikati ya kona

"Dada, mwite anayeliendesha hilo gari, nimweleze yeye." Hayo ndiyo maneno niliyopokewa nayo na fundi aliyenichomelea difu, yaani zile gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, siku nilipomrudishia vipande vyake ndani ya ndoo. Anayeliendesha ni mimi. Gari ni langu, Nissan Silvia S13 niliyoihangaikia kwa miaka kadhaa, na siku alipoipokea kazi hiyo nilikuwa nimesimama mbele yake, funguo mkononi, nikimweleza kwa kinywa changu kwamba nataka difu ya kudriftia, yaani ya kuendesha gari likiteleza ubavu kwa makusudi kwenye kona. Naandika nikiwa bado na uchungu wa neno hilo, na msomaji anivumilie kama uchungu huo utajitokeza hata pale ninapozungumzia chuma tu.

Kila anayeanza kudrifti kwa gari la kusukuma nyuma hulifikia swali hili mapema. Difu ya kawaida huzipa ekseli mbili nguvu sawa, na kiwango cha nguvu hiyo huamuliwa na tairi lenye mshiko mdogo. Gari linapolala kwenye kona, tairi la ndani hupungukiwa na uzito, likazunguka bure na kutoa moshi, huku la nje likikosa nguvu ya kuvunja mshiko wake, na mkia uliokuwa umeanza kutoka hurudi mahali pake. Dawa ni kuyafanya magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Ama unachomelea zile gia ndogo za ndani ambazo mafundi huziita spaida, zishikane zisizunguke tena, ama unatafuta LSD (limited-slip differential, difu yenye kubana utelezi), ambayo huyaachia magurudumu yatofautiane unapokwenda taratibu na kuyabana unapokanyaga mafuta.

Nilichagua kuchomelea, na sitaki kukana leo kwamba miezi ya mwanzo niliipenda difu ile. Unavuta breki ya mkono, mkia unatoka, unakanyaga mafuta, na magurudumu yote mawili yanaitika kwa pamoja, leo kama jana, bila kusitasita. Kwa mtu anayejifunza, uthabiti huo ni hazina, kwa sababu ukikosea unajua umekosea wewe. Kero yake iko kwenye mwendo wa polepole. Gari lenye upana wa karibu mita 1.5 kati ya matairi yake ya nyuma likizunguka duara moja zima, tairi la nje husafiri zaidi ya mita 9 kuliko la ndani, liwe duara dogo au kubwa. Duara likiwa kubwa tofauti hiyo inatawanyika njiani, lakini unapogeuza gari mahali pa kuegeshea mita zote hizo zinapatikana kwa kuburuzwa: tairi linalia, ekseli zinajikaza, na pua ya gari inang'ang'ania kwenda mbele hata usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Niliyajua hayo yote kabla, na niliyakubali.

Siku ilipokatika nilikuwa nikilihamisha gari kutoka kona ya kushoto kwenda ya kulia. Hapo katikati, mkia unapovuka upande, ndipo difu inapopigwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu matairi huishika lami kwa ghafla kisha yakaiachia tena. Mkia ulikuwa umeshavuka, nimeshakata usukani kinyume kuelekea kushoto, niliposikia mlio mmoja mzito chini ya kiti cha nyuma, kama mchi ulioangukia kinu kitupu. Papo hapo gari likaacha kuteleza, likanyooka, likaelekea kule matairi ya mbele yalikokuwa yakitazama, yaani nje ya kona, kwenye ukuta wa matairi chakavu. Nilisimama nikiwa nimebakiza nafasi ya kama gari moja. Mwenzangu aliyekuwa akidrifti nyuma yangu, karibu kabisa na mlango wangu, alinikwepa kwa kudra tu. Nilipojaribu kuondoka, tairi moja likazunguka peke yake, kisha kukaanza kusagika kitu huko ndani, na gari likagoma.

Usiku huo nilifungua kifuniko cha difu mwenyewe. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya fedha, na sumaku iliyo kwenye nati ya kutolea oili ilikuwa imeota ndevu za chuma. Kipande cha chomeleo chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kilikuwa kimepita kati ya krauni na pinioni, gia mbili zinazoingiza nguvu ya injini ndani ya difu, na kung'oa meno mawili. Hayo yangeweza kumpata yeyote. Kilichoniwasha ni kipande chenyewe nilipokigeuza: upande wake wa chini ulikuwa laini kabisa, umechukua umbo la jino la gia kama nta iliyomiminwa kwenye kalibu, na kwenye jino la spaida kilipokuwa kimekaa, mistari ya mashine iliyolichonga kiwandani ilikuwa bado inaonekana, imefunikwa na masizi ya oili iliyoungua. Maana yake chuma cha gia hakikuyeyuka hata kidogo. Chomeleo lilikaa juu yake tu, likisubiri siku.

Gia za difu ngozi yake imefanywa ngumu makusudi ili zisilike, na chuma cha namna hiyo kikichomelewa kikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya chomeleo hupoa haraka mno na kuwa kavu kama kioo. Anayeijua kazi huziosha gia mpaka harufu ya oili iishe, huzipasha moto hadi nyuzijoto 200 au zaidi, huchomelea hatua kwa hatua, hukwangua cheche zote zilizorukia ndani ya kasha, kisha huacha vyote vipoe taratibu katika mchanga mkavu au chokaa. Yangu ilitoka mikononi mwa fundi yule nusu saa baada ya kuipeleka. Nusu saa! Nami nilimshukuru kwa wepesi wake.

Basi nilipompelekea ndoo nilimwamkia kwa heshima, maana ni mtu mzima kwangu, naye akanijibu hayo niliyoanza nayo. Nikamwambia, "Fundi, anayeendesha ni mimi." Akaitazama ndoo bila kutia mkono, akasema, "Kumbe ndiyo sababu. Difu kama hii wanaume wanaipiga mwaka mzima na haikatiki. Wewe unaachia klachi kwa papara." Nikamnyooshea lile jino lenye mistari ya mashine, nikamwomba alishike aangalie. Hakulishika. Alivuta kofia yake ya kuchomelea usoni, akawasha moto, na mimi nikabaki nimenyoosha mkono, nimegeuza uso nisiumizwe macho na mwanga wake.

Nikaenda kununua LSD. Nilijiambia kwamba nanunua usalama, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Nilichukua ya sahani, ya njia mbili. Ndani yake kuna pete mbili za kubana zilizochongwa miteremko, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo pini ya kati inavyozisukuma pete hizo zikagandamiza sahani. Ya njia moja hubana unapokanyaga mafuta tu. Ya njia mbili hubana hata unapoondoa mguu, na ya moja na nusu iko kati. Kwa driftingi njia mbili ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa kuna nyakati unalegeza mafuta gari likiwa bado limelala, na hutaki magurudumu ya nyuma yaachane hapo. Zile za viskasi zinazotegemea mafuta ya silikoni sikuzifikiria, kwa sababu zikipata joto jingi hulegea.

Lazima niseme ukweli: wiki za kwanza nilifurahi mno. Niliizoesha kama ilivyotakiwa, nikizunguka umbo la nane taratibu mpaka mikono ikachoka, nikamwaga oili ya kwanza iliyotoka nyeusi, nikaweka mpya ya aina inayofaa sahani. Ilikuwa ikigugumia kidogo ninapokata kona ya polepole, na sauti hiyo haikunisumbua. Kuingia kona kulikuwa kwepesi zaidi, pua ilitii usukani, na kuhama kutoka kushoto kwenda kulia, pale pale nilipokuwa naogopa, kukawa laini. Lami ikiwa na maji ndipo nilipoipenda zaidi, kwa maana difu iliyofungwa moja kwa moja inaweza kuutoa mkia bila wewe kuuomba.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo na kusema mnunue LSD, mwachane na kuchomelea. Lakini nikiendelea hivyo nitakuwa nimeandika kwa hasira na si kwa uzoefu, kwa sababu LSD yangu nayo ilinichosha. Baada ya msimu mmoja na kidogo mbano wake ulianza kupungua. Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo, mkia ukichelewa leo kidogo, kesho zaidi, na mimi nikijilaumu kila siku kwamba nimesahau kuendesha. Hapo sauti ya fundi yule ilinirudia, nami nikaanza kuisadiki: mguu wako, klachi yako. Nilikaribia kuacha kabisa. Mpaka tulipolifungua kasha nikaona sahani zimelika zimekuwa nyembamba, zinang'aa kama kioo, ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikijitesa bure. Difu iliyochomelewa vibaya ilinitia hatarini siku moja. LSD iliyochoka ilinitia shaka kwa miezi. Sijui nichukie ipi zaidi, na usiku huu nikiandika naelekea kuichukia ya pili, ingawa najua si haki, kwa sababu sahani ni za kubadilishwa na hakuna aliyenificha hilo.

Kuna fundi mwingine, aliyenifungulia ile LSD, ambaye nilimwomba anichomelee difu ya akiba wakati nikitafuta sahani. Kabla hajagusa chochote aliniuliza, "Dada, unaingia kona kwa breki ya mkono au kwa kupiga klachi?" yaani kuikanyaga na kuiachia ghafla. Nikamjibu kwamba kwa klachi zaidi. Akasema basi ataongeza chomeleo kwenye gia za pembeni, kwa sababu mapigo yangu ni ya ghafla, na akanishauri nizikague shafti za ekseli kila baada ya siku moja ya uwanjani. Neno ni lile lile la yule wa kwanza, klachi, lakini huyu alilitumia kuijenga kazi yake. Gia alizirudisha kesho yake, zikiwa bado na vumbi la mchanga kwenye pembe, na chomeleo limezama ndani ya meno hata mpaka wake hauonekani.

Difu hiyo ndiyo iliyo chini ya gari sasa. Inalia mahali pa kuegeshea kama ile ya kwanza, na nikiendesha kwenye mvua naenda kwa woga. Sitamshauri mtu anayetumia gari lake kwa safari za kila siku afanye hivi. Lakini uwanjani, kwenye ile ile hamisho ya kushoto kwenda kulia, nimeshaacha kutega sikio. LSD imefungwa kwenye gunia ikisubiri sahani zake, na lile jino lenye mistari ya mashine liko kwenye kisanduku changu cha vifaa.